Tangi la Watu Ambao Hawajafika

Phineas Murunga alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji kwa sababu moja tu: ndiye pekee aliyejua paipu za zamani zilikozikwa. Alikuwa nyapara wa zizi la maziwa enzi za mzungu waliyemwita Makofia, na mzungu alipouza shamba akarudi kwao, Phineas hakwenda popote. Alichanga na wenzake katika kampuni ya kununua ardhi, akapata hisa moja na ekari tano upande wa kilimani, kando ya ile barabara ya kutoka Eldoret kwenda Moi's Bridge, nchi ya mahindi na upepo.

Makofia alikuwa na pampu ndogo mtoni. Ilisukuma maji hadi nyumbani kwake na kwenye birika la ng'ombe, na kwa mtu mmoja, mke wake na mifugo yake, yalitosha na kumwagika. Lakini kampuni ilikuwa na familia mia moja na hamsini. Kila familia ilitaka mfereji wake, wengine wakakata paipu na kuunganisha kwa mpira wa baiskeli, na pampu ile ikakohoa siku chache ikanyamaza kabisa. Wanawake wakarudi mtoni na madebe kichwani kana kwamba shamba halijawahi kununuliwa.

Kwa hiyo habari ilipokuja kwamba serikali itajenga mradi wa maji, kwa sharti wanachama wachimbe mitaro wenyewe kwa harambee, hakuna aliyelalamika. Walinoa majembe siku hiyo hiyo.

Mpimaji alitoka Eldoret. Aliitwa Wilson Wanyonyi, kijana mpole mwenye soksi ndefu, aliyebeba chombo chake cha miguu mitatu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Phineas alimzungusha shamba zima kumwonyesha chemchemi, mawe, na mahali ambapo Makofia alijaribu kuchimba kisima akashindwa. Kila boma walilofika Wanyonyi aliuliza jina la mwenye boma, akapima umbali, akaandika. Mwishowe wakafika kwa Phineas mwenyewe.

"Mnalala wangapi hapa, Mzee?"

"Wawili. Mimi na mama."

Wanyonyi akaitikia kwa heshima, akaandika nane.

Phineas hakusoma sana, lakini tarakimu alizijua vizuri. Alidhani kijana hakusikia, akarudia kwamba wao ni wawili. Wanyonyi akasema amesikia, ila kanuni inataka kila boma liandikwe watu wanane.

"Kanuni ya nani?"

"Ya maji, Mzee. Ndivyo tunavyopima. Kila boma, nane."

Nanzala, mke wake Phineas, alikuwa mlangoni na birika la chai. Alimmiminia mgeni chai, akaweka sukari bila kuuliza kiasi, akarudi jikoni. Lakini kijana alipoondoka alimjia mumewe akasimama mbele yake.

"Baba Nelima, nani amewaambia sisi ni wanane?"

Phineas alisema hajui. Na kweli hakujua. Walikuwa wamezaa watoto watatu. Wawili walichukuliwa na surua msimu mmoja, huko kwenye laini za wafanyakazi wa Makofia. Aliyebaki ni Nelima, na Nelima alikuwa ameolewa Mbale, ng'ambo ya mpaka. Tangu serikali ya kule ipinduliwe mwanzoni mwa mwaka hawakuwa wamepata neno lake, zuri wala baya.

Nanzala alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake. Nelima, mume wake, na watoto wanne. Hao ni sita. Sita na wawili ni nane. Serikali ina macho mpakani, alisema. Labda inajua watu wanavuka. Phineas alitaka kumwambia kwamba kila boma limeandikwa hivyo hivyo, hata la kijana Shitanda ambaye hajaoa, lakini alipomwona ameanza kuvuta magunia kutoka chumba cha nyuma ili apafagie, ulimi ulimshinda.

Baada ya wiki kadhaa Wanyonyi alirudi na ramani. Mkutano ulifanyika katika ghala la mahindi la Makofia, wazee kwenye viti na wengine juu ya magunia. Wanyonyi akabandika karatasi yake ukutani, akaonyesha tangi litakapokaa na mitaro itakapopita. Watu wakafurahi. Ndipo akasema kwamba tangi litatosheleza watu elfu mbili na mia nne.

Mama Tryphosa, mjane aliyekuwa na hisa mbili na sauti ya kutosha hisa kumi, aliinuka akauliza hao elfu mbili na mia nne ni akina nani, maana wenye hisa wanajuana kwa majina.

Wanyonyi alijaribu. Alisema nane mara mia moja na hamsini, halafu mara mbili, kwa sababu tangi halijengwi kwa ajili ya leo, linajengwa kwa ajili ya mwaka wa tisini na moja. Alipoona bado wanamkodolea macho, akaongeza kwamba hao wengine si watu wa hapa, ni watu wa desaini tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee mmoja nyuma aliuliza Desaini ni wilaya gani. Mwingine akasema aliwahi kusikia, iko upande wa kaskazini. Wanyonyi akasema hapana, desaini si mahali. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mlangoni na kuzunguka kijiji. Isitoshe, kabla ya hapo waliambiwa tangi ni la galoni elfu ishirini, na sasa kijana yule anasema lita elfu tisini. Alieleza kwamba ni tangi lile lile, ila serikali imebadilisha vipimo. Watu walimsikiliza kwa adabu, nao waliona wazi kwamba tangi limekua mara nne kabla hata ya kujengwa.

Kuanzia siku hiyo kila mtu alizaa watu wake wa Desaini. Waliotoka Kakamega walisema ni wanajeshi waliostaafu, wataletwa kwa malori. Waliokaa karibu na barabara walisema ni wafugaji wenye ngamia. Mzee mmoja aliapa kwamba ni Makofia anarudi na ukoo wake. Phineas aliulizwa njiani, dukani na kanisani, na kila alipojibu kwamba hajui, watu waliangaliana kana kwamba amejibu kitu kingine. "Lisemwalo lipo," Mama Tryphosa alisema, "na kama halipo laja." Majembe yakalazwa chini. Mtaro uliokuwa umefika kwenye miti ya mikaratusi ukaachwa hapo hapo, mvua ikaanza kuubomoa kingo.

Siku moja asubuhi, Phineas akikamua, Shitanda alimjia zizini. Huyu Shitanda alikuwa karani wa kampuni, kijana msafi wa shati jeupe, aliyeandika hisa zote na kupokea michango yote. Hakuwa mtu wa kutembelea zizi la mtu. Alizunguka zunguka, akamsifu ng'ombe, mwishowe akauliza kama kule ofisi ya maji wana majina ya hao watu wa ziada, au wana idadi tu. Phineas akasema hajui. Shitanda akauliza kama kijana Wanyonyi aliwahi kumtaja mtu yeyote wa mjini Eldoret. Phineas akasema hakumtaja mtu. Karani alishukuru sana, zaidi ya jibu lilivyostahili, akaondoka huku amekanyaga mavi bila kuangalia viatu vyake. Phineas alibaki ameshika chuchu ya ng'ombe, hajui ameulizwa nini.

Juma hilo paipu zikaja. Zililetwa na Ahmed, mwenye lori la bluu, ambaye familia yake ilifanya biashara ya usafirishaji Eldoret tangu wakati wa reli. Mama Tryphosa alikuwa wa kwanza kulifikia lori. Akaingiza mkono wake wote ndani ya paipu moja, mpaka kiwiko, akautoa akawaonyesha wenzake. Paipu ya Makofia haikuingia hata vidole vitatu. Wanawake wakakaa mbele ya magurudumu, wakatandika kanga zao, wakasema paipu za wageni zirudi kwa wageni.

Ahmed hakugombana nao. Alisema yeye amelipwa kufikisha mzigo, si kuuelewa. Aliwaamuru vijana wake waushushe kando ya barabara, nje ya mpaka wa shamba, kisha akatandika mkeka kivulini akasali. Alipomaliza alimkuta Phineas amesimama peke yake kati ya lori na wanawake.

"Mzee Murunga," alisema, "hapa mtakaa mpaka mwakani. Panda, twende ukawaulize wenyewe."

Phineas alipanda jinsi alivyokuwa, na koti lake la kazi.

Walifika Eldoret mchana. Ahmed alimpitisha kwanza nyumbani kwake, mtaa wa West Indies, ambako dada yake Khadija aliwapa chai ya maziwa na mahamri. Khadija alipojua mgeni ametoka shamba gani alimtazama kwa muda mrefu kidogo, akauliza kama mvua imenyesha kule na kama udongo ni mzuri. Phineas alisema ni mzuri. Akajiuliza mwanamke wa mjini udongo anautakia nini, lakini chai ilikuwa tamu na akili yake ilikuwa kwingine.

Ofisi ya maji ilikuwa nyumba ya mabati yenye veranda. Injinia mwenyewe alikuwepo, mtu mzima mwenye miwani, na alimkalisha Phineas vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akaeleza pole pole kwamba tangi la umma halijengwi kwa hesabu ya watu waliopo. Likijengwa hivyo, litakuwa dogo siku ya kufunguliwa, kwa sababu watu huongezeka. Kwa hiyo kanuni inasema tazama miaka ishirini mbele. Na kwa sababu mpimaji hawezi kuhesabu kila kitanda, kanuni inakadiria: boma moja, watu wanane.

"Na hao wengine wako wapi sasa hivi?" Phineas aliuliza.

"Hawajazaliwa, Mzee. Ni watoto wenu na wajukuu wenu."

Phineas alikaa akilifikiria hilo. Aliuliza kama wale walioolewa Uganda nao wamehesabiwa. Injinia akasema kanuni haimjui mtoto wa mtu. Inajua wingi tu, kama anayepika ugali wa matanga asivyouliza nani atakuja. Hilo Phineas alilielewa, na moyo ukamuuma kwa sababu ya Nanzala. Kisha swali lingine likamjia, na hakujua limetoka wapi.

"Maji yao mmeyapanga. Na shamba lao?"

Injinia alivua miwani. Alisema hilo si la ofisi yake, ni la ofisi ya ardhi, ng'ambo ya barabara.

Phineas akavuka barabara. Kule alimkuta mtu mwenye haraka, aliyemwambia kwamba ofisi ya ardhi inawatambua wenye hisa na risiti zao. Wako mia moja na hamsini. Shamba limekwisha kugawanywa lote, halina mabaki. Phineas akauliza kuhusu mwaka wa tisini na moja. Yule mtu alimtazama kama anayetazama mlevi wa mchana, akamuuliza kama ana risiti. Phineas akasema anayo. Basi huna shida, akaambiwa, nenda nyumbani.

Alisimama barabarani katikati ya ofisi hizo mbili, baiskeli zikimpita. Serikali ni moja, alijiambia. Mlango huu unaona watu elfu mbili na mia nne, na mlango ule unaona mia moja na hamsini, na wote wanatazama shamba lile lile. Ama mmoja wao haoni, ama yeye ndiye asiyeona. Alirudi nyumbani kwa basi la jioni akiwa amechoka kuliko aliyelima.

Nanzala alikuwa ameweka kitanda katika chumba cha nyuma. Phineas alimweleza yote kama alivyoelezwa. Kwamba nane ni makadirio. Kwamba hakuna mtu Eldoret aliyesikia habari za Nelima. Nanzala alisikiliza hadi mwisho.

"Basi wasingetuandika," alisema. "Wangeacha nafasi tupu." Akaingia ndani. Kitanda hakukitoa.

Mkutano uliitishwa Jumamosi, na ghala lilijaa hata watoto wakakaa madirishani. Phineas hakuwa msemaji. Njia nzima alikuwa amejaribu kupanga maneno: watoto, wajukuu, miaka ishirini, na lile la ardhi ambalo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Alisimama, akakohoa, akaanzia pale alipoona ni rahisi.

"Nimefika ofisini. Nimeuliza. Ni kweli kuna watu zaidi watakaokuja hapa, na wale wakubwa wanalijua hilo tangu mwanzo. Na watu wenyewe wametoka kwetu sisi, humu humu ndani—"

Alitaka kusema viunoni mwetu. Hakufika huko. Shitanda alikuwa amesimama.

Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alisema kwa sauti ndogo, na ghala lote likainama kumsikia.

"Ni sita tu. Mungu ni shahidi yangu, sikuuza zaidi ya sita. Hao elfu mbili siwajui."

Phineas alimgeukia kumwambia kwamba hapana, ameelewa vibaya, hakuna aliyemtaja. Lakini Shitanda alikuwa kama mtaro uliopasuka ukingo. Alieleza kila kitu: jinsi alivyouza hisa sita ambazo hazikuwepo kwa watu wa mjini, kibarua wa reli, mwalimu, mwanamke wa West Indies, jinsi alivyotumaini kwamba baadhi ya wanachama watashindwa kumaliza michango na nafasi zipatikane, jinsi nafasi hazikupatikana. Tangu ile namba itajwe, alisema, hajalala. Alijua serikali imekwisha mgundua na inamzunguka kwa hesabu kubwa ili ajitaje mwenyewe.

Watu hawakupiga kelele. Walinong'ona, na mnong'ono wa ghala zima ulikuwa mbaya zaidi. Mama Tryphosa ndiye aliyeukatiza.

"Serikali ilijua," alisema. "Ilituambia kwa mafumbo, nasi tukawa wajinga."

Phineas alijaribu. Alisema injinia hakutaja hisa hata mara moja. Alisema namba ile ni ya watoto ambao hawajazaliwa, na kwamba hawa sita ni jambo jingine kabisa, limejitokeza lenyewe. Wazee waliokaa mbele walitikisa vichwa wakitabasamu. Mmoja alimshika bega akamwambia amefanya kazi ya busara, kumzunguka mwizi namna ile bila kumtaja jina. Phineas akaketi. Kwa dakika kadhaa alijiuliza kama huenda kweli ndivyo alivyofanya.

Shauri lilimalizwa siku hiyo hiyo, maana walikuwa wakulima na kupanda kulikaribia. Shitanda aliondolewa ukarani. Alikuwa na hisa tatu zake mwenyewe, zote kwenye udongo mwekundu mzuri wa bondeni. Mbili na nusu zilikatwa zikagawiwa wale sita, kila mmoja ekari mbili na kidogo, naye akabakiziwa mahali pa kujenga na kupanda sukuma. Akapewa pia mtaro wa kwenye mawe auchimbe. Aliuchimba wote, kimya, na mikono iliyokuwa ya kalamu ikaota malengelenge.

Jumatatu majembe yalirudi kazini. Kwa watu, mambo yalikuwa yamekwisha: wageni waliotafutwa wamepatikana, ni sita, na wana majina. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu elfu mbili na mia nne. Wanyonyi alipokuja kukagua kina cha mtaro alishangaa kuona umefika mbali hivyo, akamuuliza Phineas aliwaelezaje hata wakaelewa.

"Sikuwaeleza," alisema. "Walielewa kabla sijamaliza."

Tangi likajengwa juu ya kilima, la mawe na saruji, kubwa kuliko kanisa lao. Injinia mwenyewe alikuja kulikagua na kugonga kuta zake kwa nyundo. Phineas alipata nafasi ya kumuuliza kando, mara ya pili, lile swali la shamba la hao watu. Injinia alisema amelifikiria, na kweli ilionekana amelifikiria. Alisema kazi yake ni kwamba wakifika wakute maji.

Siku ya kufungua, mfereji wa kwanza ulitema hewa, ukatema kutu, ukatulia, watu wakaanza kutazamana. Halafu maji yakaja yenyewe, mekundu kwanza, kisha meupe. Wanawake wakapanga madebe. Waliokuwa mwisho wa foleni walitaniana badala ya kugombana.

Khadija alikuwa amefika na ndoo yake mpya. Alikuwa amejenga chumba kimoja bondeni, na mahindi yake yalikuwa yamefika magotini. Alimwamkia Phineas, akamsogelea, akasema kuna jambo amekuwa akitaka kumuuliza tangu ile siku ya chai. Alijuaje habari zao, wale sita walionunua kwa Shitanda? Alipokuwa ameketi pale kwake, na koti lake la kazi, akinywa chai kama mtu asiyejua lolote, alikuwa amekwisha jua?

Phineas alisema hakujua. Khadija alicheka, akasema wazee wa huku wana siri. Phineas akasema si siri, akaanza kumweleza mambo yalivyokuwa, kuanzia mwanzo kabisa. Alipofika katikati, hakuwa na hakika tena kipi kilifuata kipi, na kama lile alilolisema ghalani alilisema kwa sababu hiyo au kwa sababu nyingine. Foleni ilikuwa imesogea, na mtu nyuma yao akaomba kwa upole waendelee mbele, ndoo zinangoja.